Habari za Nyumba za Sinema na Mitaa Iliyozimika Taa



Katika kitabu hiki cha yubilei mtasoma habari nyingi za nyumba zilizojengwa: makanisa, shule, zahanati, nyumba za mapadre na za masista. Ni haki zisomwe. Sisi tumeona vema kuandika habari za nyumba zilizofungwa, tena si za misioni bali za mjini, yaani nyumba za sinema pamoja na mitaa iliyozizunguka. Labda mtu atasema, Katekista wa Tarime ana shauri gani na sinema? Jibu limo katika habari yenyewe, wala hatutaficha kwamba sisi na wazee wetu tuna sehemu yetu ndani yake.

Mwanzo wake ulikuwa hivi. Yuko mzee mmoja wa kanisa letu aliyekuwa askari wa polisi Dar es Salaam tangu mwanzo wa miaka ya 1960, hata alipostaafu akarudi kwake milimani. Mzee huyu si msemaji sana. Lakini siku moja tulikuwa tukingoja mvua iishe barazani pa kanisa, na vijana wakapita mbio, kanzu za shule zimewalowa, wakikimbilia kibanda cha video. Akawatazama hata wakapotea, kisha akatuambia: "Mura, hawa wanakimbilia nini gizani? Sisi zamu yetu ya Jumapili ilikuwa kusimama mbele ya Avalon kuwapanga watu mstari, na watu wale walikuwa wamevaa kama waendao arusini. Baba, mama, watoto, na bibi wa kushikwa mkono. Ukifika Dar es Salaam unitazamie kama nyumba ile ingalipo. Na ile ya magari ya Msasani, uitazame pia." Tukamwitikia, "Ndiyo, tata."

Baadaye tulipata safari ya pwani, tukavuka hata Unguja. Tulitazama, tukauliza wazee wa huko, tukasoma yaliyoandikwa na wenye elimu. Basi, haya ndiyo tuliyoyaona.

Picha zitembeazo zilionyeshwa kwa malipo mara ya kwanza mjini Paris mwaka wa 1895, na ndugu wawili wa ukoo wa Lumière. Hazikukawia kufika kwetu, kwa maana bandari ya Unguja siku zile ilikuwa mlango wa Afrika ya Mashariki, na kitu kipya cha Bombay au cha Ulaya kilishuka pale kwanza. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 picha zilionyeshwa katika mahema na katika majengo ya muda. Mtu aliyezipa nyumba ya kudumu alikuwa mfanya biashara wa Unguja, jina lake Hassanali Adamji Jariwalla. Mwaka wa 1921 alifungua Royal, nyumba nzuri ya kuonyeshea picha mtaani Vuga, nayo ilichorwa na J. H. Sinclair, yule Mwingereza wa serikali aliyechora pia Mahakama Kuu na nyumba ya makumbusho iitwayo Beit el Amani. Nyumba ile ikaitwa baadaye Majestic. Iliteketea kwa moto katika miaka ya 1950, na mwaka wa 1955 ikasimama tena kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania, ikiwa na uso ulionyoka na mistari ya kwenda juu, namna ya majengo yaliyopendwa duniani siku hizo. Mjini mule mule palikuwa na Empire, na tangu mwanzo wa miaka ya 1950 pakawa na Sultana. Nyumba tatu kubwa katika mji ambao mtu aweza kuuvuka kwa miguu kabla chai yake haijapoa!

Walimu wapenda kujua jinsi kitu kinavyofanya kazi, nasi tuliuliza. Mkanda wa sinema ni mfululizo wa picha ndogo zilizotulia, nazo hupita mbele ya taa kali kwa mwendo wa picha 24 katika sekunde moja. Jicho haliwezi kuzitenga, ndipo huona mtu anatembea. Gurudumu kubwa la mkanda lina urefu wa meta 600 hivi, na hilo huisha kwa dakika 20. Kwa hiyo picha ya Kihindi ya saa tatu ilikuja katika magurudumu tisa au zaidi, ndani ya makopo ya bati. Chumbani juu, nyuma ya watazamaji, palikuwa na mashine mbili. Moja ilipokaribia kumaliza, fundi aliwasha ya pili, na akiwa hodari watu wa chini hawakujua kitu. Asipokuwa hodari walijua, nao walimwambia kwa miluzi na kwa majina ambayo hatutayaandika katika kitabu cha yubilei. Tena tuliambiwa kwamba mara nyingine picha moja ilionyeshwa usiku mmoja katika nyumba mbili za mji. Ya kwanza ikianza mapema, kijana wa baiskeli alipokea gurudumu lililokwisha na kulipeleka mbio kwa ile ya pili, akapita katika vichochoro vile vyembamba akipiga kengele. Akianguka, mji mzima ungengoja.

Nasi twataka msomaji aone jambo hili: nyumba ya sinema haikuwa peke yake. Mtaa mzima uliishi kwayo. Muuza karanga, muuza kahawa na kashata, mwenye mishikaki, mwenye juisi ya miwa, fundi wa kushona aliyeambiwa, Nishonee gauni kama la yule wa picha ya juzi, wote walipanga siku yao kwa saa ya kuanza na saa ya kutoka. Nyimbo za picha za Kihindi ziliingia katika taarabu. Watu waliuchukua mwendo wa sauti wakatia maneno ya Kiswahili, na mpaka leo watu wazima wa Unguja wakisikia wimbo wa arusini hujua ulitoka katika picha gani. Picha ya Awara ya mwaka wa 1951, aliyoitengeneza na kuicheza Raj Kapoor pamoja na Nargis, ilipendwa Afrika ya Mashariki nzima. Hiyo ni habari ya kijana aliyelelewa katika wizi na baba aliyemkana mama yake kwa kudhani tu. Mother India ya mwaka wa 1957, ambayo Nargis ndiye mama mwenyewe, ilikuwa vivyo hivyo. Watu wasiojua neno moja la Kihindi walitoka wakilia. Wala hatushangai, maana mambo ya deni la mkopeshaji, na ya mama anayevuta jembe mwenyewe kwa kukosa ng'ombe, hakuna Mkurya wala Mjaluo anayehitaji kufasiriwa.

Walikaaje humo ndani? Viti vya mbele vilikuwa vya bei ndogo, vya nyuma na vya roshani vilikuwa vya bei kubwa. Katika nchi nyingine za Afrika, kama Afrika ya Kusini, rangi ya mtu ndiyo iliyoamua mlango wake. Lakini Unguja na katika miji ya Tanganyika aliyekuwa na fedha za kiti alikaa kitini. Hatusemi kwamba palikuwa na usawa, maana wenye fedha za roshani walijulikana, na mchukuzi wa bandarini hakuwa mmoja wao. Lakini Mwarabu, Mhindi, Mngazija, Mswahili wa Ng'ambo aliyevuka Darajani kwa miguu, na mtu wa bara aliyekuja kuchuma karafuu, waliketi chini ya paa moja, wakacheka mahali pamoja. Zilikuwapo hata zamu za mchana kwa wanawake peke yao, wakaja na mabuibui yao na watoto, na yaliyosemwa pale hakuna mwanamume ajuaye. Sisi twaamini kwamba kukusanyika huku ndiko kulikokuwa kitu chenyewe, na picha ilikuwa sababu ya kukusanyikia. Kwetu mpiga litungu aketipo, watu hawaji kwa ajili ya nyuzi nane tu. Huja ili waonane.

Sasa na tuseme habari za misioni, maana zimo. Wamisionari wengi waliiogopa sinema. Waliona picha za Marekani zenye bastola na mabusu, wakasema kijana aliyetoka shambani jana ataonaje haya? Wengine hawakutaka kukataza tu. Ndugu J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni alikuwa amechunguza habari za watu waliohama vijiji kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, akafikiri sinema yaweza kuwasaidia watu katika kugeuka kwa maisha yao. Kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York ikaanzishwa kazi iliyokaa Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe, tangu 1935 hata 1937. Meja L. A. Notcutt alisimamia utengenezaji. Wenyeji ndio waliocheza, na maneno yaliwekwa katika sahani za santuri. Zikapatikana picha 35: habari za safura, za kuweka akiba katika benki ya posta, za kodi, za kahawa chini ya migomba, na hata hadithi ya Sungura na Chui. Kisha lori likazichukua likazunguka Tanganyika na nchi za jirani, likatandika kitambaa cheupe uwanjani, watu wakaja kwa wingi.

Tusiidharau kazi ile. Lakini ilikuwa na upungufu mmoja: waliotengeneza walikuwa na hakika sana juu ya yale ambayo Mwafrika alihitaji kuambiwa, wala hawakumwuliza sana anapenda kutazama nini. Mtu aliye na hiari ataona safura mara moja kwa adabu. Awara ataiona mara nne kwa fedha yake mwenyewe. Serikali nayo, tangu 1939, ilikuwa na idara yake ya sinema, na lori zake zikaendelea na picha za namna ile ile hata baada ya vita. Hapo katikati zikatokea picha zilizochezwa kwa Kiswahili katika Tanganyika, kama Muhogo Mchungu ya mwaka wa 1952, na mmoja wa wachezaji wake alikuwa kijana wa idara ya maendeleo, Rashidi Kawawa. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1962, kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa nchi. Watoto wa shule hupenda kuambiwa hili, nasi tumewaambia mara nyingi.

Dar es Salaam iliifuata Unguja, ikaipita. Empire ilikuwapo tangu 1929. Baadaye zikaja Avalon, Odeon, Empress, Cameo, Chox, Amana. Nyingi zilikuwa katika mtaa wa Uhindini na karibu yake, kwa kuwa waliozijenga walikuwa Wahindi wenye biashara, nao walijenga mahali walipokaa, dukani chini na nyumbani juu. Jumapili jioni familia zilishuka kutoka vyumba vya juu, zikatembea polepole, zikanunua bisi, zikasalimiana. Na watu wa Kariakoo na Ilala na Magomeni wakaja kwa miguu na kwa basi. Tiketi zikiisha dirishani, vijana wajanja walikuwa nazo mfukoni kwa bei mara mbili. Huyo mzee wetu anasema kazi yake ya kuwakamata haikuisha, na mara moja alimkamata kijana aliyekuwa amemshikia tiketi mkuu wa kituo. Mwaka wa 1966 ikafunguliwa ile ya magari, kule Msasani, mahali pa wazi penye kitambaa kikubwa kama ukuta, ambapo mtu hutazama akiwa ndani ya gari lake. Kulikuwa na watu wachache wenye magari, lakini gari moja lilibeba watu wengi. Miji mingine pia ilikuwa na nyumba zake: Tanga wakati wa fahari ya mkonge, Moshi, Arusha, na huku kwetu ziwani Mwanza walikuwa na Liberty, ambayo wengi wa Tarime waliofika kule kwa meli au kwa basi waliiona kwanza kabla ya kuona jambo jingine la mji.

Basi nyumba hizi zilikufaje? Watu husema upesi, Televisheni iliziua. Maneno haya hayatoshi. Unguja ilipata televisheni mwaka wa 1973, tena ya rangi, kabla ya nchi karibu zote za Afrika. Bara haikupata hata 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza. Kama televisheni ndiyo iliyoua, mbona bara nyumba zilikwisha kudhoofika, na nyingine kufungwa, kabla ya mwaka huo?

Sisi twaona ziliuawa kidogo kidogo, na mikono mingi. Unguja, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wenye nyumba na wenye biashara wengi waliondoka au waliondolewa mali yao, nazo nyumba za sinema zikawa za serikali. Nyumba kubwa za mawe za Mji Mkongwe wakatiwa wapangaji wengi ambao hawakuwa na uwezo wa kuzitengeneza, na chokaa ya zamani haipendi kusahauliwa. Mvua zikaingia, na nyumba nyingi zikaanguka. Bara, baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka wa 1968, na baada ya muda ikawa ndiyo yenye haki peke yake ya kuleta na kugawa picha. Mwaka wa 1971 ikatoka sheria ya kuyatwaa majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Aliyejenga nyumba ya sinema akaamka mpangaji ndani ya nyumba yake. Nia ya sheria tunaifahamu, kwa maana kulikuwa na watu wachache waliokula kodi ya mji mzima, na sisi watu wa mashamba hatukuwa upande wao. Lakini mpangaji hapaki rangi ukuta usio wake. Baada ya hapo Wahindi wengi walihamia Uingereza na Kanada, na Uhindini ukawa na madirisha mengi yaliyofungwa saa moja ya usiku. Wale waliokuwa wakishuka ngazi Jumapili hawakuwapo tena.

Kisha ikaja dhiki ya nchi nzima. Sisi wa Sirare na Tarime hatuhitaji kukumbushwa: Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka huo hata 1983, na katikati yake, 1978 na 1979, vijana wetu walikwenda kupigana na majeshi ya Idi Amin. Sabuni ilikuwa haba, chumvi haba. Fedha za kigeni za kununulia filamu mpya na vipuri vya mashine zingetoka wapi? Picha zile zile zikarudiwa hata mikanda ikachanika, ikaunganishwa, ikachanika tena. Twasikia kwamba watazamaji walikuwa wakimaliza maneno ya mchezaji kabla hajayasema. Mwaka wa 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, na kati ya bidhaa hizo zikaja mashine za video. Hapo mwenye fedha akabaki nyumbani, akaalika jirani, na aliyekuwa na akili ya biashara akatoza jirani kiingilio. Nyumba ya viti mia nane haiwezi kushindana na chumba chenye benchi nne, kisicho na mishahara wala kodi ya jengo.

Hivyo katika miaka ya 1980 na 1990 milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Hapakuwa na siku ya kufunga wala mtu wa kusema kwaheri. Wiki moja hapakuwa na tangazo, na wiki ya pili hapakuwa na tangazo.

Tulipofika Unguja tulikwenda Vuga. Uso wa Majestic ulikuwa bado umesimama, na ukiutazama kwa mbele waweza kudhani leo usiku kutakuwa na zamu. Lakini paa lilikuwa limeanguka, na palipokuwa na viti palikuwa na majani na mwanga wa jua. Mji Mkongwe wenyewe umepata uhai wa namna nyingine: tangu mwaka wa 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia, nyumba nyingi zimekuwa hoteli, wageni wanajaa vichochoroni. Hata tamasha la filamu liko, tangu 1998, la kila mwaka, wala si dogo; nalo hufanyiwa Ngome Kongwe, chini ya mbingu, ndani ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya vita. Mwenyeji mmoja alituambia bila uchungu kwamba jioni mtaani kwake husikia lugha sita, na Kiswahili ni ya sita.

Dar es Salaam tulizunguka Uhindini nusu siku. Nyumba za sinema za kati ya mji, nyingine zimekuwa maduka, nyingine ghala, nyingine zimetoa nafasi kwa maghorofa. Sinema mpya ziko ndani ya maduka makubwa kama Mlimani City, vyumba vidogo vya baridi. Hatukuingia, kwa maana kiingilio kilikuwa nauli yetu. Tena hatuna budi kutaja jambo linalotuhusu. Katika miji ya Afrika ya Mashariki, Nairobi hasa, nyumba kadhaa za sinema zimekuwa mahali pa ibada, maana ukumbi mkubwa wenye viti vinavyotazama mbele wamfaa mhubiri kama ulivyomfaa Raj Kapoor. Nyingine, kama Shan ya mtaa wa Ngara, imekuwa ukumbi wa wasanii na wanasarakasi. Wapo Wakristo wanaolisimulia hili la ibada kama ushindi. Sisi tulipoketi tukatafakari hatukuona aliyeshindwa ni nani. Watu hawakuiacha sinema wakaja kanisani. Sinema ilikwisha kufa, na ukumbi ulikuwa wa kupanga.

Hapa ndipo tunapofika nyumbani Tarime. Wazee wetu wa misioni walituonya juu ya sinema, na sisi makatekista tuliporithi kazi tulirithi na maonyo. Tuliyasema hata baada ya nyumba zile kufungwa. Yaani tulikuwa tukikataza mlango ambao hakuna tena aliyeweza kuupita. Wakati huo huo, nyuma ya maduka, katika Tarime na Sirare na Nyamongo na Mugumu, vilikuwa vikiota vibanda umiza: kuta za mabati, magunia dirishani, benchi za mbao, na sauti ya mfasiri anayeifasiri picha ya ng'ambo kwa Kiswahili cha mtaani, kama alivyofanya Lufufu wa Dar es Salaam, hata watu wakamjua mfasiri kuliko mchezaji. Hatusemi ufundi huo si ufundi. Lakini humo baba hayumo, mama hayumo. Bibi hashikwi mkono. Hakuna askari mlangoni wala roshani wala zamu ya wanawake. Kuna watoto wetu wa kiume, na saa tano za usiku, na picha ambayo hakuna mkubwa aliyeitazama kwanza. Na sasa hata kibanda kinapungukiwa watu, kwa sababu kila kijana ana kibanda chake katika simu, mfukoni. Mwalimu mmoja alituuliza, kati ya Avalon ya Jumapili na simu chini ya blanketi, mngeonya nini kwa nguvu zaidi? Hatukumjibu upesi.

Tuliporudi tulikwenda kwa mzee, tukamkuta akimenya mahindi. Tukamweleza yote kwa mpango: Vuga, paa lililoanguka, Uhindini, maduka. Alisikiliza bila kuinua macho. Kisha akauliza, "Na ile ya magari?"

Tukamwambia kiwanja kile cha Msasani kimekuwa ubalozi wa Marekani, ambao jengo lao la awali lilipigwa kwa bomu mwezi wa Agosti 1998. Wakajenga hapo, wakahamia mwaka wa 2003. Kuna ukuta mrefu, na askari, na kamera juu ya ukuta.

Mzee akacheka hata punje zikamwagika. "Mura, tulikuwa tukilipa ili tuwatazame Wamarekani pale. Sasa wanatutazama wao, bure." Akaziokota punje moja moja. Baada ya kitambo akatuuliza kama huko Uhindini bado wanauza bisi barabarani jioni. Tukasema tuliona mtu mmoja, karibu na kona, na mashine yake ya gesi, naye alikuwa na wateja.

"Jumapili?" akauliza.

Tukasema ilikuwa Alhamisi.